Sanduku linalosema: jamaa ya Kane Kwei na kazi ya kuzika

Tumezoea kuandika juu ya kilio na matanga ya kwetu. Safari hii tunatazama kazi ya jamaa moja ya Ghana, sababu inatutupia swali linalotugusa hata sisi: kazi ya kuzika ikiisha kuwa biashara ya baba, watoto na wajukuu, desturi inabaki ao inakufa?

Huko Teshie, mji wa wavuvi wa kabila la Ga karibu na Accra, fundi wa mbao Seth Kane Kwei alijulikana tangu miaka ya 1950 kwa masanduku ya maiti yenye sura ya kitu: samaki kwa mvuvi, tunda la kakao kwa mkulima, Mercedes kwa tajiri. Alipokufa mwaka 1992, watoto wake waliendesha kazi. Mwaka 2005 mjukuu, Eric Adjetey Anang, akashika uongozi.

Jamaa inasimulia kama vile mzee alichongea bibi yake sanduku la ndege, yeye aliyependa kutazama ndege lakini hakupanda hata siku moja. Ni hadithi nzuri, lakini haitoshi. Mbele ya hapo wafalme wa Ga walibebwa katika machela yenye sura ya nyama na vitu vingine, alama za ukoo wao. Tena fundi mwingine, Ataa Oko wa mji wa La, aliyefariki mwaka 2012, alisema alianza masanduku ya namna hiyo karibu na mwaka 1945. Basi, desturi hii haikuzaliwa na muntu mumoja. Kane Kwei anastahili sifa ingine: alifungulia muntu wa kawaida mlango uliokuwa wa wakubwa. Na hakufundisha damu yake peke yake. Paa Joe alijifunza kwake, kisha katika miaka ya 1970 akafungua pa kwake. Urizi wa kazi njo huo: mkono unaofundisha mkono.

Hata hivyo, si kila sura inaruhusiwa kwa kila muntu. Simba ni wa ukoo unaostahili simba. Makanisa mengi yanakataa sanduku la samaki, lakini Biblia ya mbao yanaikubali. Mteja analipa, lakini desturi bado ina sauti.

Mwaka 1989 masanduku hayo yalionyeshwa Paris, katika maonyesho «Magiciens de la terre», pamoja na kazi za Wakongomani wetu Chéri Samba na Bodys Isek Kingelez. Toka hapo kazi hiyo ikajulikana zaidi katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Hatulaumu: feza ya wageni ilisaidia kazi kuendelea. Lakini kwa maoni yetu sanduku la makumbusho ni nusu ya kazi. Halina maiti, halina wimbo, halina mabega ya kulibeba. Fundi alichonga kitu kizuri ili kizikwe siku chache tu kisha kumalizika. Uzuri wake unamalizikia ndani ya udongo.

Nasi tulikuwa na vya kwetu. Wabwende wa Kongo ya Chini walifunga maiti ya mkubwa ndani ya niombo, sanamu kubwa ya nguo nyekundu, wakaizika pamoja naye. Wankundo wa Ekwateri walichonga masanduku yenye umbo la muntu. Leo muntu akitaka kuyaona, mara nyingi anapaswa kwenda Ulaya.

Katika miji yetu pia kuna jamaa zinazorizishana kazi ya kutengeneza masanduku. Mbao nzuri, vernisi, vishikio vinavyong'aa. Lakini mwalimu, mvuvi na muuza chumvi wanalala ndani ya sanduku moja, tofauti ni bei tu. Hatusemi tuige Teshie. Samaki ya Waga ni ya Waga. Tunasema fundi wa kwetu, mbele ya kupima urefu wa maiti, angeuliza kwanza: huyu alikuwa nani?