Kitufe Kilichoondolewa: Uhakiki wa Lugha ya Maonyo katika Programu za Ofisi

Mwaka 2022 kampuni ya Microsoft iliamua kuzuia makro, yaani amri zilizopachikwa ndani ya hati, katika faili za Office zitokazo kwenye intaneti. Awali mtumiaji alionyeshwa ukanda wa manjano wenye kitufe cha kuruhusu. Sasa huonyeshwa ukanda mwekundu usio na kitufe hicho. Badiliko lilitangazwa Februari, likasitishwa mwanzoni mwa Julai kufuatia malalamiko, kisha likarejeshwa kabla ya mwezi huo kwisha. Wengi waliuona mkasa huo kuwa mvutano baina ya usalama na mazoea. Makala haya yanashikilia kwamba kasoro ilianzia katika lugha.

Maneno ya kitufe cha zamani, yakitafsiriwa sisisi, ni “Wezesha Maudhui”. Hayataji mtenda wala matokeo. Anayetaka kusoma barua yake huelewa jambo moja tu: asipobofya, kazi haiendelei. Kwa hiyo mazoea ambayo programu ililazimika kuyavunja mwaka 2022 ilikuwa imeyafundisha yenyewe.

Tuipime hoja hii Mpumudde, Jinja, mahali alipofia Kabalega mwaka 1923. (Jina la mahali hapo ni sentensi kamili, “nimepumzika”, ambayo Mswahili aweza kuikisia, ukanda wa onyo haukisiki.) Katika duka la steshenari mteja huja na flashi, na mhudumu ndiye anayefungua faili. Windows huitambua faili iliyopakuliwa kwa alama inayohifadhiwa katika mfumo wa faili wa NTFS. Flashi nyingi hutumia FAT32 au exFAT, ambayo haiihifadhi. Basi hati ileile iliyozuiwa kwa ukanda mwekundu ofisini yaweza kufunguka dukani kwa ukanda wa manjano na kitufe chake cha kale, pasipo neno lolote la kueleza tofauti hiyo. Mhudumu atahitimisha kwamba kompyuta ya ofisini ni mbovu, na hitimisho lake si la kipumbavu. Maonyo mengine humwelekeza awasiliane na “msimamizi wa mfumo”. Huyo ni nani katika duka la mtu mmoja?

Kuswahilisha pekee hakutoshi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikwisha kuthibitisha, kwa Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, kwamba menyu zaweza kusomeka kwa Kiswahili. Lakini menyu ni orodha ya majina na amri fupi, ilhali onyo ni sentensi yenye sharti, na hapo ndipo sarufi yetu ina nguvu: “Hati hii inataka kuendesha amri katika kompyuta hii. Ukiiruhusu, inaweza kufuta faili zako au kuzituma kwa mtu mwingine.” Kiambishi -ki- kimebeba sharti lote, na mtenda ametajwa.

Julai hiyohiyo ya 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, mhudumu wa Jinja huenda akafikiri kwa Kisoga, na mwenzake wa Mbale kwa Kimasaba. Kiswahili cha kamusi chaweza kuwa kigeni kwao kama Kiingereza cha kitufe. Kwa sababu hiyo, zabuni za serikali za kununua programu zidai sentensi za maonyo zijaribiwe kwanza na wahudumu wa aina hii, kwa flashi zao wenyewe, kabla kitufe kingine hakijaondolewa.