Kuli na vidole vya babu

Kuli ya Adam Shafi niliisomea Handeni, nyumbani kwa babu, na babu ndiye aliyeniharibia starehe ya kuisoma. Ujanani alishuka Korogwe kutafuta kibarua cha mkonge. Akaanza kwa kukata, baadaye akapelekwa kwenye korona, mashine inayokwangua majani ili zipatikane singa. Korona ikamla vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Riwaya yenyewe ilitoka 1979, na inaturudisha bandarini Zanzibar, kwenye mgomo wa makuli wa 1948. Majaliwa anafia kazini. Mwanawe Rashidi anaingia ukuli uleule, anafumbuka macho, anaingia kwenye mapambano. Shafi anaonyesha vizuri jinsi jasho la mmoja linavyogeuka faida ya mwingine. Hapo sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu ni huu: marehemu humfaa mtunzi. Akishazikwa, anamwachia mwanawe hasira na hadithi inasonga mbele. Sasa yule anayebaki hai na mkono nusu, nani anamfuata kwake? Babu hakufa. Siku alizolazwa hazikutiwa alama kwenye kipande, na siku isiyo na alama haikuwa na mshahara. Alipopona wakampa ufagio. Baada ya miezi wakasema hata kufagia hawezi. Akarudi Handeni kulima kwa mkono mmoja. Maisha ya hivyo hayana kilele, yana miaka tu, na riwaya ya mapambano haina subira nayo.

Mtasema mambo yamebadilika. Kweli. Ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na mfuko wake, WCF, ulianza kazi 2015. Aliyelemaa kabisa hupata pensheni ya kila mwezi, asilimia 70 ya kipato chake. Si haba. Lakini kama kipato chenyewe kilikuwa hakitoshi hata alipokuwa mzima, asilimia 70 yake ni nini? Hapo Kuli inarudi kuwa na nguvu: kidonda kinapimwa kwa ujira uleule uliokuwa mdogo tangu mwanzo.

Nilimsimulia babu kifo cha Majaliwa. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na waliokuwa karibu naye, wao hawakuumia?"

Sikuwa na jibu. Isomeni Kuli, jamani, ila mkiisoma mtafuteni na huyo wa pembeni.