Kasese Waliwaandalia Bakteria Karamu

Kuiweka akiba kobalti ya Kilembe halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuianika.

Tangu shaba ilipoanza kutoka mwaka 1956, mgodi huo wa magharibi mwa Uganda ulipeleka shaba yake kuyeyushwa Jinja, huku pairiti (madini ya chuma na salfa) yenye kobalti ikimwagwa Kasese, juani na mvuani, kungojea siku itakapolipa. Mgodi ulipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, rundo lilikuwa takriban tani milioni moja.

Litazameni rundo lenyewe. Mvua inapenya, hewa inaifuata, na bakteria Acidithiobacillus ferrooxidans anaingia kazini. Riziki yake ni chuma: anakinyang'anya elektroni, chuma kinageuka kuwa kile kikali kinachoitafuna pairiti, pairiti inaachia asidi ya salfuriki pamoja na chuma kingine, na mlo unaanza upya. Penye asidi kali, hatua hiyo ya chuma bila bakteria hujikokota; watafiti Singer na Stumm walionyesha mwaka 1970 kwamba bakteria huiharakisha zaidi ya mara milioni. Kinachowaua viumbe wengine ndicho kinachomnenepesha huyu. Asidi na metali zikateremka kuelekea Ziwa George kupitia Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, zikiacha ukanda wa ardhi uliokufa majani.

Asije mtu na utetezi ule wa kila mara, eti enzi hizo nani angejua. Watafiti Colmer na Hinkle walikuwa wamechapisha mwaka 1947, miaka 9 kabla ya shaba ya Kilembe, kuhusu maji yenye asidi yanayotoka migodi ya makaa ya mawe ya Marekani: palipo na bakteria chuma kinaoksidika, wakiondolewa kazi inalala. Hakuna mitambo ya kutisha, ni chupa za maabara na swali lililoulizwa sawasawa. Safu hii itaendelea kuwasifu hao hadi wahandisi wa migodi wachoke kusikia. Na kinga ilikuwa rahisi: kutandika udongo mfinyanzi chini ya rundo, kulifunika juu na kuchimba mifereji ya kuepusha mvua si sayansi ya anga.

Kuanzia 1999, kampuni ya Kasese Cobalt iliwafungia bakteria wa kazi hiyohiyo matangini, kwa hewa ya kupuliza, joto la takriban nyuzi 42 na chokaa ya kudhibiti asidi, ikavuna kobalti ya rundo hilo. Kazi safi.

Lakini sifa za matangi zisifute hesabu ya rundo. Bakteria hawakujifunza kazi mwaka 1999. Walikuwa wameshaifanya bure kwa miongo minne, na kobalti waliyoiyeyusha wakati huo haikuingia ghalani mwa mtu. Ilikwenda na maji. Wanaoiita Kasese mfano wa taka kugeuzwa mali wangeanza kwa kutoa hasara hiyo, kisha gharama ya udongo ulioungua, ndipo waandike faida.