Wiki Mbili Ng'ambo Zinafunza Nini?

Vipeperushi vya kozi fupi za sanaa na usanifu ng'ambo vina lugha yake. Ukisoma vitano, cha sita unaweza kujiandikia. Kuna picha ya daraja wakati wa magharibi. Kuna wanafunzi wanne wanacheka mbele ya meza iliyojaa vitambaa. Kisha ahadi: utazama katika maisha ya jiji, utatembelea makumbusho, utarudi na potifolio iliyonenepa. Jina la jiji linatajwa karibu kila aya. Jina la mwalimu, mara nyingi, hulioni.

Nakisoma kipeperushi kama ninavyosoma kitabu, maana nacho ni maandishi na kinatugharimu zaidi ya kitabu chochote. Vikundi vya WhatsApp vya wasanii hapa Nairobi havikosi mchango: fulani amepata nafasi ya wiki mbili London, au tatu Florence, tumshike mkono. Barua ya chuo imeambatishwa, namba ya M-Pesa iko chini. Hakuna anayeuliza huyu mwenzetu anaenda kufunzwa nini hasa, kwa sababu ukiuliza utaonekana una wivu. Basi wacha niulize.

Kozi nyingi za aina hii ni za wiki moja hadi nne. Kwa kawaida hazina mtihani wa kuingia na hazihesabiwi kwenye shahada. Mwisho unapewa cheti kwamba ulihudhuria. Kwa sisi tulioacha chuo katikati, hilo linavutia sana: mlango ambao hauulizi makaratasi. Lakini wa ubalozi unayauliza yote. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa, pesa hairudi. Utaonyesha bima, taarifa za benki, na sababu za kuwafanya waamini utarudi nyumbani. Kijana anayeuza michoro, mwezi huu ana kitu na mwezi ujao hana, anafanyiwa mtihani wake mgumu zaidi kabla hajashika penseli.

Hata hivyo, kozi kuwa fupi si dosari. Mwaka 1953 mchoraji Oskar Kokoschka alianzisha shule ya kiangazi ndani ya ngome ya Hohensalzburg, mjini Salzburg, Austria. Aliiita Shule ya Kuona. Hakudai vyeti vya awali. Wanafunzi walichora kwa rangi za maji, haraka haraka, mbele ya watu waliokuwa wakijongea, ili jicho lijifunze kukamata kitu kabla hakijaponyoka. Unaweza kuipenda mbinu hiyo au kuikataa, lakini ukiulizwa ulifunzwa nini Salzburg, una jibu la sentensi moja. Ni vipeperushi vingapi vya leo vinaweza kujibu hivyo?

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mtu wetu. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi 1950, akaenda Uingereza 1971 kuendeleza masomo ya grafiki. Huko Cambridge akauonja udongo, ukamshika. Mwaka 1974 akakutana na Michael Cardew, mfinyanzi Mwingereza aliyekuwa ameanzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi huko Abuja, Nigeria. Abuja hiyo si mji mkuu wa leo, ni mji ambao sasa unaitwa Suleja. Odundo akafunga safari. Mwanafunzi Mkenya, akiwa tayari Ulaya, akaenda kusoma Afrika Magharibi.

Hapa ndipo mambo yanapogeuka. Kituo kile kilifunguliwa zama za ukoloni ili kufundisha gurudumu la kufinyangia na ile rangi inayogeuka kioo ikichomwa tanurini. Yaani mwalimu alikuwa Mzungu na mwanafunzi Mnaijeria. Lakini ndani yake walikuwepo wanawake wa Kigwari kama Ladi Kwali, aliyejiunga 1954, ambao walishajua kupandisha chungu kwa mkono bila gurudumu lolote. Odundo alikwenda kujifunza kutoka kwa mikono hiyo. Akapita Kenya pia kuangalia ufinyanzi wa nyumbani, na akafika New Mexico, Marekani, kutazama vyungu vyeusi vya San Ildefonso Pueblo.

Zitazame kazi zake sasa. Zimejengwa kwa mkono, zimesuguliwa mpaka zikang'aa, hazina ile rangi ya kioo. Nyingine zimetoka motoni na wekundu wa machungwa, nyingine nyeusi tii. Safari zile fupi unaziona kwenye ukuta wa chungu. Na Ladi Kwali mwenyewe yuko kwenye noti ya naira 20, watu wanamkunja na kumtia mfukoni kila siku.

Najua utakaloniambia. Eti Odundo hakujengwa na Abuja peke yake. Alirudi Uingereza, akamaliza Farnham, akahitimu Royal College of Art 1982. Kweli kabisa. Ulaya ilimpa tanuri, wanunuzi na watu wa kumfungulia milango. Lakini ilimpa kwa miaka, si kwa wiki mbili. Hapo ndipo kipeperushi kinatuchezea: kinauza kwa siku 14 vitu ambavyo jiji halimpi mtu mpaka limzoee. Wiki mbili zinatosha kuona mikono ya mtu ikifanya kazi na kuiga mpaka uanze kuipata. Hazitoshi kukufanya mwenyeji wa London.

Kama ni hivyo, kwa nini ramani yetu ya kozi fupi inaelekea upande mmoja tu? Bisi Silva, mratibu wa maonyesho kutoka Nigeria, naye alisomea Royal College of Art. Kisha mwaka 2010 akaanzisha Àsìkò, shule ya wiki chache isiyo na jengo. Ilianzia Lagos, baadaye ikahamia Accra, Dakar, Maputo na Addis Ababa, ikikusanya wasanii na waratibu vijana wa Kiafrika wafikiri pamoja. Silva alifariki 2019. Wazo lake bado halijapata picha ya daraja wakati wa magharibi, labda ndiyo maana hatulichangii.

Sisemi watu wasiende Ulaya. Kama kuna mchapaji huko Florence anayejua jambo ambalo hapa halijulikani, nenda, na mimi nitatuma changu. Ila kabla ya kutuma namba kwenye kikundi, tuambie mambo matatu: nani atakufunza, utashika chombo gani, na ukirudi Githurai au Kisumu utakitumia wapi chombo hicho. Ukikosa majibu kwenye kipeperushi, waandikie chuo uwaulize. Wakikujibu kwa picha nyingine ya jiji, hiyo ni likizo. Likizo pia ni haki ya msanii, bora tu mchango useme hivyo.