Shairi la Otone: Tusikie Sauti Kwanza

Wako wanafunzi wetu wa segondari wanaokariri «Chanson d'automne», shairi la Mfaransa Paul Verlaine, lililotoka mwaka 1866 katika kitabu chake Poèmes saturniens. Na sisi walimu mara nyingi tunaanza na swali: otone ni nini? Tunaeleza baridi ya Ulaya na majani yanayoanguka, kisha saa inapita. Tunaona ya kama tumeanzia kwenye mkia.

Tuanze na hesabu. Shairi liko na beti 3, kila ubeti mistari 6: miwili ya silabi 4, mmoja wa silabi 3, halafu vilevile tena. Neno «violons», ambalo katika mazungumzo lina silabi 2, hapa linataka 3. Mwanafunzi akilifupisha, mstari unachechemea. Kila mstari mfupi unaishia kwa ile e isiyotamkwa. Sauti inazimika pole pole kama moto uliokosa kuni. Katika ubeti wa kwanza sauti ya «o» inarudi-rudi, saa ingine inapitia puani. Kiswahili hakina irabu ya namna hiyo. Tukilitafsiri, huzuni inabaki katika maneno, lakini ule mlio unapotea.

Karibu na mwisho kuna mstari unaoishia kwa «la», kaneno kadogo tu, na jina lake, jani, linangoja mstari unaofuata. Mashairi ya Kiswahili ya zamani hayapendi hivyo. Mstari unapaswa kujitosheleza. Kwa miaka mingi, sisi wenyewe tulipunguza pointi kwa mwanafunzi aliyepumua pale. «Usikate, mtoto, haujamaliza!» Kumbe yeye ndiye aliyesikia. Kaneno kale kameachana na jina lake sawasawa na jani linavyoachana na mti.

Na mtoto wa Lubumbashi hahitaji theluji ili aelewe. Anayaona majani ya miombo yakianguka katika kiangazi, mbele ya mvua za kwanza.

Walimu wenzetu, wazee wetu walitupa hadithi kwa sikio, maelezo yalikuja nyuma. Basi shairi lisomwe kwa sauti mara mbili mbele ya kuuliza maana. Zile pointi tulizonyima hazitarudi, lakini masikio ya wanafunzi wa kesho tunaweza kuyaheshimu.