Nani kamruhusu akate irabu?

Sehemu ya pili ya yale masomo ya video ya Kijapani kwa wasafiri mmeiona, kwa hiyo nisizunguke: mwalimu amechemka. Salamu kazifundisha vizuri, na ile u ya "desu" kaimeza inavyotakiwa. Tumpe haki yake, tuendelee.

Kasheshe inaanza mgahawani. Anatangaza kwamba irabu ndefu tuziache, zitatuchosha, kisha anaagiza: "Biru o kudasai." Biru ni jengo la ghorofa! Bia ni biiru. Ndiyo, mhudumu wa Osaka atakuletea bia, maana umeshika menyu na hakuna anayeagiza ghorofa mezani. Lakini toka nje, homa imekupanda, uliza njia. Hospitali ni byooin, mapigo manne: byo-o-i-n. Saluni ni biyooin, mapigo matano. Aliyefundishwa kutohesabu mapigo atafikishwa kwa msusi.

Kinachoniudhi ni kwamba njia hii ya mkato kawapa watu wasioihitaji. Mwingereza irabu ndefu inamtoa jasho, sawa. Sisi tunasema saa, mzee, kondoo, paa tangu utotoni. Hata ile n inayosimama peke yake katika "konnichiwa" tunayo kwenye nchi na nne. Basi kwa nini chini ya kioo pameandikwa "koh-nee-chee-wah"? Hizo h nimezipigia kelele miaka, na leo zimerudi: mwalimu kanakili kitabu cha Waingereza, akanakili na ugonjwa wao. Hepburn, Mmarekani wa karne ya 19, katika toleo la 1886 la kamusi yake ya Kijapani aliweka kistari juu ya o na u ndefu. Yeye aliona, huyu mwenye kamera haoni.

Alichopaswa kutuonya ni mkazo. Mswahili ataukandamiza kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, aseme "ariGAto". Mjapani wa Tokyo anapandisha sauti kwenye ri, anashusha, halafu anaivuta o ya mwisho. Hilo halikupata hata sekunde. Afadhali wale wa idhaa ya Kiswahili ya NHK, shirika la utangazaji la Japani: walikutamkia redioni, ukarudia, bila maandishi ya kukupotosha.

Sehemu ya tatu ni namba na bei. Kumi ni juu, ndefu vilevile kama juu ya meza. Nasubiri nione kama nayo ataikata.