Fani ya Kirangozi

Yupo Tabora mzee mmoja, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye watu wenye nia ya kwenda Ujiji kwa gari humwendea barazani kwake kumtaka shauri, nami nimemwona mara nyingi akilitoa. Haulizi gari ni la namna gani. Huuliza kwanza ni nani wamo safarini, kama yumo mtoto mchanga au mgonjwa, na akishajibiwa hunyamaza kitambo, kisha hupanga: hapa mtashuka mnywe chai, hapa mtaswali adhuhuri, hapa mtalala, na pale msisimame jua likiwa limekwisha kuchwa. Wengi huyaona haya kuwa mazungumzo ya kupitisha jioni. Mimi nayaona kuwa mabaki ya fani tukufu iliyoupa mji huu sifa zamani, kabla reli haijaufikia mwaka 1912.

Zama hizo Tabora, makao makuu ya Unyanyembe, ilikuwa njia panda ya misafara: njia moja ikienda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na ile kuu ikirudi mashariki, kupitia Ugogo na Mpwapwa, hadi Bagamoyo. Mbele ya kila msafara alikwenda kirangozi, aghalabu Mnyamwezi, na nyuma yake wapagazi wenye pembe na marobota ya nguo mabegani. Siipambi njia ile, maana waliopita humo kwa ujira walipishana na waliopita wamefungwa minyororo, na dhuluma hiyo haifutiki kwa sifa yoyote. Walakini ujuzi wa kirangozi ulikuwa wake mwenyewe, nao ulistahili taadhima.

Kilele cha ujuzi huo kilikuwa tirikeza. Baina ya Ugogo na Tura kulikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambako maji ya kiangazi yalikuwa mbali kwa mbali, pengine mbali kuliko mwendo wa siku moja wa mtu aliyejitwika mzigo. Mtu asiyejua angeondoka alfajiri kama kawaida, akatembea mchana kutwa, akalala na kiu, na kesho yake akaamka amekwisha nguvu ilhali maji bado yako mbali. Kirangozi hakufanya hivyo. Aliwaweka watu kisimani asubuhi nzima, wakapika, wakala, wakanywa hadi wakatosheka, wakajaza vibuyu. Kisha jua lilipofika utosini, saa ambayo kila kiumbe hutafuta kivuli, ndipo alipowainua. Walikwenda hadi jioni, wakalala pakavu usiku mmoja tu, tena usiku wa baridi usiochochea kiu, na kulipopambazuka wakashika njia, wakayafikia maji ya pili kabla jua halijawa kali.

Tazama jinsi hesabu hii ilivyo ya ajabu! Masafa ni yale yale na miguu ni ile ile. Kilichobadilika ni saa ya kuondoka na mahali pa kulala, na kwa badiliko hilo msafara mzima ukaokoka. Hata mwanzo wa safari ulikuwa na busara yake, maana siku ya kwanza msafara haukwenda mbali, ulitua karibu na mji, ili aliyesahau kitu arudi akichukue, na mzigo uliofungwa vibaya ufungwe upya kabla ya pori.

Mzee wetu hupanga kwa hekima hiyo hiyo, ingawa sehemu kubwa ya njia sasa ni ya lami. Huwaambia wageni waanze na Kwihara, mwendo mfupi nje ya mji, waione tembe iliyojengwa upya pale ambapo Livingstone alikaa mwaka 1872, na huko wakague magurudumu na maji ya kunywa. Kisha Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884, ambako baadaye serikali ya Kiingereza ilikata miti kwa mpango wa karanga usiozaa karanga za haja. Malagarasi hutaka wauvuke mchana, waone mto. Uvinza wanunue chumvi, kama misafara ilivyofanya. Na Ujiji wafike alasiri, nuru ikingali juu ya ziwa.

“Wanangu,” husema, “anayefika usiku hajafika, amelala tu.”

Lakini wanaomsikiliza wamekuwa wachache. Mabasi hupita bila hata kupunguza mwendo, na abiria hulala wakiwa wameinamisha vichwa, wakaamka Kigoma wasijue wamepita nchi ya nani. Barabara imewapa upesi, nao wamedhani upesi ndio safari. Laiti hasara ingekuwa hiyo peke yake! Vituo vyenyewe vinatoweka, kwani miombo ya kando ya njia hukatwa kwa mkaa na kwa kuni za kukaushia tumbaku, na mahali ambapo msafiri angeweza kushuka adhuhuri na kutandika mkeka pamebaki visiki. Mzee amekwisha kukifuta katika hesabu yake kituo cha adhuhuri alichokipenda kuliko vyote upande wa Kaliua, na sasa huwaambia watu wale chakula chao ndani ya gari.